Keki ya Arusi: Jina, Asili na Matumizi Yake Katika Nchi ya Rungwe

Lufingo ni kata mojawapo ya Wilaya ya Rungwe, katika nchi ya milima iliyo jirani na mji wa Tukuyu, kusini-magharibi mwa Tanzania. Ni nchi ya mvua nyingi na migomba, na chakula chake cha asili ni ndizi za kupika, ambazo wenyeji huziita mbalaga. Unga wa ngano, sukari nyeupe na tanuri ya kuokea si mambo ya asili ya nchi hiyo. Hata hivyo, arusi ya Kikristo ya siku hizi katika sehemu hizo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, mara nyingi huwa na keki iletwayo mbele ya watu, ikakatwa na maarusi, kisha ikagawiwa. Jambo hili laweza kuonekana dogo, tena la kuigwa tu. Lakini kwa mwenye kuchunguza lugha na desturi lina swali ndani yake: kitu kigeni kikiingia katika sherehe kubwa ya watu, je, huingia pamoja na maana kiliyokuwa nayo kwao, au hupewa maana na wale wanaokipokea?

Swali hili lina historia iliyofungamana na Rungwe kwa namna isiyotazamiwa. Mtaalamu aliyeandika kitabu kizima juu ya keki ya arusi ya Waingereza, Simon Charsley wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ndiye yule yule aliyekuwa amekwisha kuandika juu ya watawala wa Wanyakyusa. Kitabu chake cha kwanza, “The Princes of Nyakyusa”, kilitolewa Nairobi mwaka 1969. Kile cha keki, “Wedding Cakes and Cultural History”, kilitolewa mwaka 1992. Kwa hiyo si kosa kuziweka nchi hizo mbili katika mizani moja.

Yafaa kuanza na jina. Neno keki limetoka katika Kiingereza, nalo limeingia katika ngeli ya N, lisilobadilika katika wingi: keki hii, keki hizi. Wamishenari wa kwanza wa Rungwe, lakini, hawakuwa Waingereza. Wamoravian walianza kazi yao huko mwaka 1891, na katika mwaka huo huo Wamisioni wa Berlin nao waliingia katika nchi ya Wanyakyusa. Wote walikuwa Wajerumani, na boma la Tukuyu lenyewe liliitwa Neu Langenburg mpaka Waingereza walipoitwaa nchi mwaka 1916. Wajerumani wana keki za namna nyingi, na jina lao ni Kuchen. Kijerumani kilikiachia Kiswahili neno shule, na fedha yao ikaacha neno hela. Lakini neno Kuchen halikuacha alama yo yote. Jina lililoshika ni la Kiingereza, na umbo la keki ya ghorofa, nyeupe, yenye kusimamishwa mezani, ni la Kiingereza vile vile. Hapa jina na umbo vyaonyesha njia moja.

Kiswahili, lakini, hakikuwa na upungufu wa maneno ya vyakula vya kuokwa. Mwambao ulikuwa na mkate wa mofa, mkate wa kumimina, mkate wa sinia na mkate wa mayai, na huu wa mwisho hautofautiani sana na keki kwa viungo wala kwa ladha. Mbona basi keki ya arusi haikuitwa mkate wa arusi? Jibu haliwezi kupatikana katika unga na mayai. Mkate ni jina la chakula kwa jinsi kilivyopikwa; keki ya arusi imekuwa jina la kitu kwa jinsi kinavyotendewa mbele ya watu. Mtu aweza kuvutiwa na mfanano wa sauti uliopo baina ya mkate na kukata, akadhani kwamba lugha ilikuwa imekwisha kuandaa mahali pa desturi hii. Mfanano huo usitegemewe. Mfanano wa sauti si ushahidi wa asili ya neno, na historia ya keki yenyewe imejaa maelezo mazuri ya namna hiyo yaliyobuniwa baada ya jambo kutokea.

Maelezo yanayosimuliwa zaidi huanzia Roma ya kale. Warumi wa daraja ya juu walikuwa na namna ya ndoa iliyoitwa confarreatio, ambayo ndani yake mkate wa nafaka iitwayo far ulitolewa kwa mungu Jupiter, mbele ya mashahidi kumi. Kutoka hapo wengi huvuta mstari ulionyoka mpaka keki ya siku hizi. Lakini baina ya mkate ule na keki hii pana karne nyingi ambazo mnyororo wake haukuthibitishwa. Arusi karibu zote duniani zina chakula, na chakula cha nafaka hakikosekani. Kufanana kwa vitu viwili hakutoshi kuonyesha kwamba kimoja kimezaliwa na kingine.

Habari zenye hakika zaidi ni za Uingereza. Katika karne ya kumi na saba, kitabu cha mapishi cha Robert May, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1660, kilikuwa na maelekezo ya chakula cha bibi arusi kilichokuwa cha unga uliofunika nyama na vitu vingine vya anasa, wala hakikuwa kitamu kama keki. Mwaka 1769 Elizabeth Raffald alichapisha maelekezo ya keki ya bibi arusi yenye matunda makavu, iliyopakwa tabaka la lozi na juu yake ganda la sukari. Huo ndio mwanzo ulio wazi wa keki ambayo umbo lake limeenea duniani. Weupe wa ganda lile haukuwa jambo dogo. Sukari iliyosafishwa hata ikawa nyeupe kabisa ilikuwa ghali, na sukari ya zama zile ilitoka katika mashamba ya visiwa vya Karibi yaliyolimwa na watumwa walionyakuliwa Afrika. Tafsiri ya kwamba weupe wa keki ni alama ya usafi wa bibi arusi ni tafsiri nzuri. Lakini kabla ya kuwa alama ya usafi, weupe ulikuwa alama ya mali.

Kutoka hapo keki ilikua kwa urefu. Keki ya arusi ya Malkia Victoria, mwaka 1840, ilikuwa ya tabaka moja kubwa, yenye uzito wa ratili 300 hivi, yaani kilo 136, na mzunguko wa yadi tatu. Arusi ya binti yake wa kwanza, mwaka 1858, ilikuwa na keki ndefu, lakini ghorofa zake za juu zilikuwa sukari tupu. Kilichokuwa keki ni kile cha chini peke yake. Mwaka 1882, katika arusi ya mwanawe Leopold, ghorofa zote zilikuwa keki ya kuliwa. Na mwaka 1947, Binti Elizabeth alipoolewa, Uingereza ikiwa bado katika mgawo wa vyakula baada ya vita, keki yake ilifikia futi 9 na ratili 500, na baadhi ya viungo vyake vililetwa zawadi kutoka Australia. Jambo la kuangaliwa katika mfuatano huu ni kwamba umbo lilibadilika kwa sababu za mpishi, za mali na za fahari ya wakubwa. Hakuna hatua hata moja ambayo watu walikaa kwanza wakafikiri maana, kisha wakaitengenezea umbo.

Hilo ndilo alilolikuta Charsley alipochunguza arusi za watu wa Glasgow. Aliona kwamba keki ilikuwa jambo la lazima, ambalo arusi haikudhaniwa kuwa arusi bila hilo. Lakini wenye kuikata na wenye kuila kwa kawaida hawakuwa na maana ya kuieleza. Walifanya hivyo kwa kuwa ndivyo ifanywavyo. Maelezo ya kwamba keki ni bibi arusi mwenyewe, na kisu kina maana yake, yalikuwa zaidi ni ya wenye kutafsiri kuliko ya wenye kutenda. Fundisho lake ni kwamba mtafiti asikimbilie kuuliza kitu kina maana gani kabla ya kutazama kinafanywa nini.

Uzito wa fundisho hilo waonekana likilinganishwa na utafiti uliofanywa Rungwe. Godfrey na Monica Wilson walikaa kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica akaandika juu ya mila za ukoo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1957. Yeye alishikilia sana kwamba maana za mila ziandikwe kama wenyeji wenyewe wanavyozieleza, wala zisitungwe na mgeni. Nao wazee wa Kinyakyusa hawakukosa maelezo. Katika mambo waliyomwambia, mgomba wa ndizi za kupika ulihusishwa na mwanamume, na ule wa ndizi tamu na mwanamke. Basi hapa pana watu wawili waliosoma nchi moja, wakatoka na masomo mawili: mmoja alikuta watu ambao kila jani la mila lina neno lake, mwingine, kwao Uingereza, alikuta watu wenye desturi kubwa isiyo na neno. Keki ilipofika Rungwe ilitoka kwa wale wasiokuwa na maelezo ikaja kwa watu waliozoea kuwa nayo.

Lakini ilikuja mahali palipokuwa na utaratibu wa chakula uliokwisha kukamilika. Ndoa ya Kinyakyusa ilifungwa kwa ng'ombe waliotoka upande wa mume kwenda kwa baba wa binti. Pasipo ng'ombe hapakuwa na ndoa. Karamu ilikuwa ya nyama, ya ndizi, na ya pombe ya ulezi iliyonywewa kwa mirija katika chungu kimoja na watu waliokaa pamoja. Wanyakyusa wana neno ukwangala, ambalo Monica Wilson alilifanya msingi wa kitabu chake cha mwaka 1951: ni kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na kuzungumza na wenzi. Kwao kula si tendo la mtu na chakula chake. Ni tendo la watu na watu. Alaye peke yake amejitenga.

Utaratibu huo ulikuwa pia na mipaka, na mpaka mkubwa kuliko yote ulikuwa baina ya mke wa mtu na baba wa mumewe. Mwanamke hakuruhusiwa kumtazama mkwewe huyo wala kukutana naye njiani. Akimwona alipaswa kujitenga. Mwiko huo uliingia hata katika ulimi wake. Katika desturi iitwayo ingamwana, mwanamke alijiepusha na jina la baba mkwe, na si jina peke yake, bali hata maneno mengine yaliyofanana nalo kwa sauti. Akatumia maneno mengine badala yake katika mazungumzo ya kila siku. Kwa wataalamu wa lugha hii ni hazina, maana yaonyesha jinsi heshima ya ukwe inavyoweza kuzaa msamiati mzima.

Sasa na itazamwe keki katika arusi ya siku hizi. Uingereza maarusi hushika kisu pamoja, hukata, na vipande hugawiwa wageni. Ghorofa ya juu huweza kuhifadhiwa hata ubatizo wa mtoto wa kwanza. Tanzania tendo haliishii hapo, na lugha ni shahidi. Baada ya kukata keki kuna kulishana keki, yaani bwana arusi humtia bibi arusi kipande kinywani, naye humrudishia. Kiambishi -an- cha kitenzi hiki chafanya kazi yake yote, kwa kuwa tendo halikamiliki likifanywa na mmoja. Kisha kuna kukabidhi keki: keki ndogo zilizoandaliwa mbali huchukuliwa na maarusi na kupelekwa kwa wazazi wa pande zote mbili, bibi arusi kwa wakwe zake, bwana arusi kwa wake, mara nyingi kwa kupiga magoti, huku vigelegele vikipigwa na mshereheshaji akiwatangaza wapokeaji mmoja mmoja.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Bibi arusi wa Kinyakyusa wa zamani hakuweza kumtazama baba mkwe wala kutamka silabi za jina lake. Bibi arusi wa leo hupiga magoti mbele ya mtu huyo huyo, machoni pa mamia ya watu, akamkabidhi chakula kwa mikono yake. Wako wazee wanaoweza kuona katika tendo hilo heshima iliyovunjwa, na wako vijana wanaoliona kuwa ndiyo heshima yenyewe. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa wote wanazungumza juu ya jambo moja, nalo ni ukwe. Hakuna anayezungumza juu ya unga na sukari. Kitu kilichokuwa hakina maelezo Glasgow kimewekwa hapa juu ya mahali penye maana nzito kuliko pote katika ndoa.

Tofauti hii yaonekana wazi zaidi ikifuatwa njia ya chakula. Katika arusi za mwambao, ambazo Mtoro bin Mwinyi Bakari alizieleza kwa marefu katika “Desturi za Wasuaheli”, kitabu kilichotolewa Göttingen mwaka 1903, siku saba za baada ya arusi huitwa fungate, na neno hilo hilo hutumika kwa chakula kinachopelekwa kwa maarusi kutoka kwa wazazi wa mke katika siku hizo. Chakula hutoka kwa wakubwa kwenda kwa maarusi. Katika mila ya Kinyakyusa ng'ombe walitoka ukoo kwenda ukoo, na waliowatoa walikuwa wazee. Keki imegeuza njia. Watoaji ni maarusi wenyewe, na wapokeaji ni wazazi. Pengine hiyo ndiyo sababu ya kupokewa kwake kwa urahisi: haikushindana na ng'ombe, wala na mbalaga, wala na pilau. Ilikuta nafasi moja ambayo haikuwa na chakula chake, yaani shukrani ya watoto kwa wazazi siku wanapoondoka mikononi mwao, ikaijaza.

Wasemao kwamba keki ni uigaji mtupu hupenda kukumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, lakini haihusu jambo hili. Aliyeiga kweli hurudia tendo kama alivyoliona. Na tendo la Uingereza halina kulishana wazazi wala kukabidhi wakwe kwa magoti. Hata mapishi hayakubaki yalivyokuwa. Pasipo tanuri, wapishi wengi wa Tanzania huoka keki katika sufuria iliyotiwa makaa chini na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, ufundi ule ule wa kupalia wali. Na keki ya matunda makavu iliyokusudiwa kukaa miezi imeachia nafasi keki laini ya mayai, iliwayo siku ile ile. Keki isiyohifadhiwa ni keki ya kugawiwa yote, na hilo lakubaliana na ukwangala kuliko lilivyokubaliana na kabati la Mwingereza.

Ushahidi wa mwisho watoka Kilimanjaro, nao ni wa lugha tena. Wachaga huandaa katika arusi mbuzi mzima aliyechomwa, aitwaye ndafu, akaletwa ukumbini kwa shangwe, akiwa amepambwa, kisha akakatwa, na vipande vikalishwa na kukabidhiwa kwa utaratibu ule ule. Desturi hii imeenea hata kwa wasio Wachaga, na watu humwita mbuzi huyo keki ya asili. Mwenye kushikilia unga, mayai na sukari ataona jina hilo ni mzaha. Lakini wasemaji hawakosei. Wanasema wazi kwamba katika arusi keki ni kile kiletwacho mbele ya watu, kikakatwa na maarusi, wakalishana, wakakikabidhi kwa wazee. Ikiwa kitu hicho ni mbuzi, basi mbuzi ni keki.

Kwa hiyo kamusi ikieleza keki kuwa chakula kitamu cha unga wa ngano, mayai, sukari na siagi kilichookwa, itakuwa imesema kweli, lakini nusu. Nusu ya pili ni maana ya arusi, pamoja na vitenzi vyake vitatu, kukata, kulishana na kukabidhi, ambavyo haviwezi kutengwa na jina bila kulipunguza. Na mwenye kukusanya maneno Lufingo au po pote Rungwe asiridhike kuandika keki katika orodha ya maneno yaliyotoka katika Kiingereza, akapita. Aulize pia mwanamke mzee alitumia maneno gani kukwepa jina la mkwewe, na mjukuu wake alisema nini alipomkabidhi mkwe wake keki. Maneno ya yule wa kwanza yanapungua kila mwaka pamoja na wenye kuyajua, na ya yule wa pili bado hayajaandikwa. Bila ya yote mawili haitajulikana ni kitu gani hasa kilichobadilika siku kisu kilipowekwa juu ya keki.